Kijiji Kilichotafuta Familia Kabla ya Nyumba: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Pwani ya Nyanda za Juu za Uskoti

Kuhusu kisa hiki

Kijiji kinachozungumzwa hapa kipo pwani ya magharibi ya Nyanda za Juu za Uskoti. Jina lake, majina ya watu wake na kila alama inayoweza kumwelekeza msomaji kwa nyumba au familia fulani vimeondolewa, na baadhi ya idadi zimesogezwa kidogo kwa sababu hiyo hiyo, ila mfuatano wa matukio umeachwa kama ulivyokuwa. Yote yalitokea baada ya mwaka 2017, na mwaka huo una uzito wake katika kisa, kama itakavyoonekana. Mwandishi aliishi kijijini wakati huo na ndiye aliyeandika kumbukumbu za vikao vya kamati ya maendeleo. Kwa hiyo ninayoyaandika ni ya mtu aliyekuwemo, na baadhi ya maamuzi ninayoyakosoa hapa chini niliyaunga mkono kwa kunyoosha mkono wangu mwenyewe.

Mahali na watu wake

Msomaji aliyezoea Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako kutoka Njombe au Mbeya hadi baharini ni safari ndefu, huenda akashangaa kusikia "nyanda za juu" na "pwani" vikitajwa kwa pumzi moja. Katika sehemu hii ya Uskoti milima huteremka moja kwa moja hadi kwenye maji ya chumvi, bahari huingia bara kwa ghuba ndefu nyembamba, na vijiji hujipanga kwenye ukanda mdogo wa ardhi uliobanwa kati ya mwamba na mawimbi. Barabara ya kuingia kijijini ni ya gari moja, yenye nafasi za kupishana kila baada ya umbali fulani, na hupanda mlima kabla ya kushuka baharini. Hospitali kubwa iko Inverness, mwendo wa takriban saa mbili hali ya hewa ikiwa nzuri. Mwezi Desemba mchana hauzidi saa saba. Mwezi Juni giza kamili karibu halipo.

Kijiji chenyewe ni mtoto wa uhaba wa ardhi. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 na kuendelea katika karne ya 19, wamiliki wakubwa wa ardhi waliwaondoa wapangaji wao mabondeni ili wafuge kondoo. Wengi wakavuka bahari, na wengine wakasukumwa ufukweni kwenye vipande vidogo visivyotosha kumlisha mtu bila kuvua au kufanya kibarua. Sheria ya mwaka 1886 iliwapa wakulima hao wadogo usalama wa kukaa kwenye vipande vyao, kodi iliyopimwa kwa haki, na uwezo wa kuwarithisha jamaa zao. Vipande hivyo huitwa krofti, navyo vipo hadi leo chini ya sheria zake maalumu, pamoja na malisho ya pamoja ambayo kila mwenye krofti ana fungu lake. Sheria iliyowalinda mababu imewaachia wajukuu kazi nzito: kuitoa sehemu ya krofti katika mfumo huo ili ijengwe nyumba ni shughuli ya maombi na kusubiri, na bila hatua hiyo ni vigumu sana kumpata mkopeshaji.

Kijiji kilikuwa na wakazi wapatao themanini. Kazi hazikukosekana, na jambo hili linahitaji kusisitizwa kwa kuwa watu wa mjini huamini kinyume chake. Wapo wavuvi wanaotega kamba wa baharini kwa madema, kuna shamba la samoni ndani ya ghuba, kuna hoteli ndogo iliyokuwa ikitafuta wapishi kila mwaka, na kuna kazi ya kuwahudumia wazee majumbani ambayo haikuwahi kupata watu wa kutosha. Kilichopungua kilionekana usiku. Jioni moja ya Januari, saa kumi na moja, giza likiwa limeshaingia, nilitembea kutoka kanisani hadi gatini nikihesabu madirisha yenye mwanga. Kati ya nyumba 61, taa zilikuwa zikiwaka katika nyumba 27. Nyingine zote zilikuwa za watu wa mbali, waliozitumia wenyewe majuma machache ya mwaka au kuwapangisha watalii. Biashara hiyo ilikua haraka baada ya mwaka 2015, pale barabara zinazozunguka kaskazini ya Uskoti kwa kilomita takriban 830 zilipoanza kutangazwa kama njia moja ya kitalii.

Mfuatano wa matukio

Shule ya msingi ilikuwa na wanafunzi wanne. Wawili kati yao walikuwa wanamaliza mwaka wa saba na wangehamia sekondari mwezi Agosti, iliyo mbali kiasi kwamba watoto wengine hulala bwenini siku za juma. Mwezi Novemba halmashauri iliwaandikia wazazi kwamba wanafunzi wakibaki wawili itafikiria kuisitisha shule. Neno hilo lilipita masikioni mwetu bila kusimama. Kuifunga shule ya kijijini nchini Uskoti si jambo jepesi: sheria ya mwaka 2010, iliyorekebishwa mwaka 2014, inaitaka halmashauri ishauriane na wananchi kwa utaratibu uliowekwa na ionyeshe kwamba imezingatia njia nyingine kabla ya kufunga. Kuisitisha ni kitu kingine. Shule haifungwi, hubaki kwenye orodha, jengo hutunzwa, ila mlango haufunguliwi na utaratibu ule mzito hauanzi. Sisi tulijiandaa kupigana na kufungwa, ambako hakukuja kamwe.

Kamati ilikutana mwanzoni mwa Desemba. Njia mbili zililetwa mezani: kutafuta ardhi na kujenga nyumba za kupangisha kwa wenyeji, au kutangaza kwamba kijiji kinakaribisha familia yenye watoto. Ya kwanza ilikadiriwa kuchukua miaka mitatu au zaidi. Ya pili ilihitaji picha nzuri na aya tatu. Agosti ilikuwa karibu. Wote watano tulichagua tangazo.

Gazeti moja lilichukua habari hiyo, mengine yakafuata, na ndani ya majuma mawili zikafika barua pepe zaidi ya mia tatu kutoka nchi nyingi. Watu watano wasiolipwa, kila mmoja na kazi yake, walizijibu usiku kwa muda wa miezi mitatu. Wengi wa walioandika walieleza walivyochoshwa na miji yao na walivyopenda picha ile. Waliouliza juu ya nyumba walikuwa wachache, na hao tuliwajibu kwa sentensi ambayo leo ninaona haya kuinukuu kutoka kwenye kumbukumbu zangu: kwamba suala la makazi "linashughulikiwa". Familia tatu zilikuja kuangalia. Moja ilikubali.

Ilikuwa familia ya wazazi wawili na watoto watatu, wawili wa umri wa shule. Baba alikuwa fundi umeme, na alipata kazi kwenye shamba la samoni kabla hata ya kufungasha. Mama aliingia katika kazi ya kuwahudumia wazee. Walifika mwezi Agosti, wakakaa majuma ya kwanza katika vyumba vya wafanyakazi vya hoteli, na mwezi Oktoba wakaingia katika nyumba ya mmiliki anayeishi kusini, ambaye alikubali kuwapangisha hadi mwisho wa Machi kwa kodi ya chini. Makubaliano yalikuwa barua pepe mbili. Shule ikawa tena na wanafunzi wanne, na halmashauri ikaahirisha uamuzi wake.

Majira ya baridi yalipita bila kisa cha kusimulia. Barabara ya mlimani ilifungwa mara mbili kwa barafu, umeme ulikatika siku mbili mfululizo, na familia ilipika kwa jiko la gesi la jirani na kulala wote watano katika chumba chenye moto wa kuni. Mama aliniambia baadaye kwamba juma hilo ndilo lililowafanya wajione wenyeji. Nalitaja kwa kuwa kila mgeni huamini watu huzikimbia sehemu hizi kwa sababu ya baridi na giza.

Mwezi Machi mmiliki aliwakumbusha kwa upole kwamba wageni wa Pasaka walikuwa wamekwisha kulipia.

Haki isiyotumika

Hapa inafaa kupunguza mwendo. Tangu tarehe 1 Desemba 2017, mkataba wa kawaida wa kupanga nyumba ya kuishi nchini Uskoti hauna mwisho uliopangwa. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kwa sababu tu muda waliokubaliana umekwisha. Sharti awe na sababu inayotajwa na sheria, atoe notisi, na mpangaji asipoondoka apate amri ya baraza linaloshughulikia migogoro ya nyumba. Nyumba iliyopangishwa kwa ajili ya mapumziko haimo katika ulinzi huo, lakini familia inayopeleka watoto shule na kwenda kazini kila asubuhi haipo mapumzikoni. Kamati iliomba ushauri, na jibu lilikuwa wazi: zile barua pepe mbili zilikuwa zimezaa upangaji kamili, na neno "hadi Machi" halikuwa na nguvu ya kuwatoa.

Tulimpelekea mama habari hiyo kama watu wanaopeleka zawadi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni nani anayesafisha nyumba ile wageni wanapokuja. Alikuwa jirani yake, yule yule wa jiko la gesi, na pesa za usafi wa majira ya joto ndizo zilizokuwa zikimvusha hadi Novemba. Dada wa mmiliki alikuwa akihudumu dukani siku tatu za juma. Na katika kamati iliyomletea ushauri ule, wawili kati ya watano walikuwa na nyumba za watalii. Mama alisema hawezi kushinda kesi kisha aende dukani hapo kununua maziwa.

Baraza lililoko mbali huona pande mbili: mwenye nyumba na mpangaji. Katika kijiji cha watu themanini pande ni nyingi kuliko hizo, na mtu mmoja anaweza kusimama kwenye tatu kwa wakati mmoja. Haki ya mpangaji ilikuwa ya kweli, na siamini kwamba sheria ilikosea kuitoa. Lakini ili aitumie ingempasa awe na mahali pa kwenda iwapo majirani wangemgeuka, na kama angekuwa na mahali hapo asingeihitaji.

Familia ilihamia kwenye karavani, yaani kijumba cha kuvutwa na gari, iliyoegeshwa kwenye krofti ya mzee mmoja. Ilikaa majuma kumi. Mwezi Juni usubi uliwafanya watoto wasiweze kucheza nje jioni, na baba akawa analala mchana baada ya zamu ya usiku katika chumba chenye joto kisicho na pazia la maana, watu wanne wengine wakiwa upande wa pili wa ubao. Mwanzoni mwa Julai walihamia mji ulio mwendo wa saa mbili. Agosti shule ilisitishwa.

Kuna tokeo la pili, ambalo halikuandikwa na gazeti lolote. Wamiliki wengine wawili waliokuwa wamezoea kupangisha nyumba zao kwa wenyeji wakati wa baridi walipata habari za ushauri tuliopewa. Hakuna aliyetoa tamko. Oktoba iliyofuata nyumba zao zilibaki giza, na kijana mmoja mvuvi, mzaliwa wa hapo hapo, akarudi kuishi kwa mama yake akiwa na mchumba mjamzito. Kwa kuitaja tu haki ya familia moja, bila hata kuitumia, tuliwapotezea wengine paa ambalo lilitegemea watu kutouliza maswali.

Njia ya pili

Kamati ilichoka, watatu wakajiuzulu, na karibu mwaka mzima ulipita bila kikao cha maana. Walioingia walianzia pale tulipokataa kuanzia. Kijiji kilisajili kampuni isiyogawa faida, kikazungumza na mmiliki wa ardhi kubwa inayokizunguka, na baada ya mazungumzo marefu akakubali kuuza kipande karibu na kanisa. Sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 inazipa jumuiya haki ya kusajili nia ya kununua ardhi ili zitangulizwe pindi inapouzwa, lakini hapa haikulazimika kutumika. Ninahisi kuwepo kwake kulisaidia mazungumzo yasigeuke kuwa ya kuombana. Fedha za kununulia zilitoka kwa sehemu kubwa katika mfuko wa umma wa ardhi, na za kujengea katika mfuko wa serikali wa nyumba za vijijini ulioanzishwa mwaka 2016.

Ramani ya kwanza ilikuwa na nyumba sita. Upimaji wa udongo ulikuta nusu ya kipande ni mboji nene iliyojaa maji, zikabaki tatu. Mbili zilijengwa kwa ajili ya kupangisha. Ya tatu iliuzwa chini ya bei ya soko, ikiwa na sharti lililoandikwa katika hati yake kwamba kila inapouzwa tena, chombo cha nyumba za vijijini kilichotajwa katika hati hiyo kina haki ya kuinunua kwanza. Sharti hilo limekuwepo katika sheria za umiliki za Uskoti tangu mwaka 2003, na ni aibu kwamba hakuna yeyote kati yetu watano wa mwanzo aliyewahi kulisikia. Kutoka mazungumzo ya kwanza hadi funguo kukabidhiwa ilipita zaidi ya miaka mitatu.

Matokeo

Nyumba tatu zimejaa. Zina watu kumi na moja, wanne kati yao watoto, na mmoja wa wazazi ni yule kijana mvuvi. Hoteli imepata mpishi. Huduma ya wazee majumbani imepata mtu mmoja, na bado inahitaji wengine wawili.

Shule haijafunguliwa. Halmashauri ilikuwa tayari kulizungumza jambo hilo, lakini watoto wawili waliobaki siku ile ya Agosti walikuwa wamesafirishwa kwa teksi kwa miaka kadhaa hadi shule ya kijiji cha pili, dakika hamsini kila safari, na huko walikuwa na marafiki wa rika lao, timu ya mpira na mwalimu wa muziki anayekuja kila juma. Wazazi wao hawakutaka kuwarudisha kwenye chumba cha watoto watano. Mmoja wa wazazi hao alikuwa ameongoza utetezi wa shule mwaka ule wa tangazo. Simlaumu.

Uchambuzi

Kosa la tangazo halikuwa kuvutia watu wasiofaa, ingawa ndivyo ilivyosemwa kijijini kwa muda. Lilivuta familia ifaayo kabisa. Kosa lilikuwa kwamba tulihesabu kile tulichokihitaji, yaani watoto, tukasahau kile ambacho hao watoto wangekihitaji, yaani kitanda baada ya Machi. Uharaka ulitusaidia kujidanganya: tarehe ya Agosti ilikuwa ya kweli, na njia ya miaka mitatu ilionekana kama kukata tamaa. Hata hivyo kama mkutano wa Desemba ungeamua kufanya yote mawili, nyumba zingefika mapema zaidi, labda kabla watoto wa teksi hawajapata timu yao.

Ushauri wa sheria tuliutafuta wakati usiofaa. Mwezi Septemba, kabla familia haijaingia, ungetuwezesha kumwambia mmiliki ukweli na kumwacha aamue, na yamkini angekataa. Lakini kukataa kwake kungetulazimisha kutafuta suluhisho jingine tungali na miezi. Mwezi Machi ushauri ule ule uligeuka kuwa tishio mkononi mwa watu wasiokusudia kutishia.

Hatua za serikali dhidi ya nyumba za likizo, kama leseni za kupangisha kwa muda mfupi ambazo wamiliki waliokuwepo walitakiwa kuziomba kufikia tarehe 1 Oktoba 2023, na ruhusa ya halmashauri kuongeza kodi ya nyumba za pili hadi maradufu kuanzia Aprili 2024, hazikuleta badiliko ninaloweza kulionyesha katika kijiji hiki. Wamiliki walilalamika, wakalipa, wakaendelea. Huenda mahali pengine ni tofauti.

Kilichofanya kazi ni sharti lile la hati, kwa sababu halitegemei wema wa mtu yeyote wala ujasiri wa mpangaji. Kilifanya kazi pia kitu ambacho sikukitarajia. Nyumba ya pili ya kupangisha ilipotangazwa, kamati haikuita gazeti. Ilibandika karatasi dukani, katika kituo cha afya na kwenye ubao wa gatini. Maombi yalikuwa tisa. Saba yalitoka kwa watu waliokuwa wakiishi ndani ya maili ishirini, katika karavani, katika vyumba vya wafanyakazi au kwa wazazi wao, na watano kati ya hao walikuwa na watoto au walikuwa wakiwatarajia. Nilirudi kwenye majalada ya mwaka wa tangazo kuangalia kama walikuwemo katika zile barua pepe mia tatu. Wawili walikuwemo. Tulikuwa tumewajibu kwa ile sentensi ya makazi kushughulikiwa.